Agiza Kile Wanachokipika Kila Siku

Mimi napenda mikahawa yenye matawi, na nalisema hilo mapema ili anayetaka kunihurumia aanze sasa. Napenda chai ya Java, napenda kuku wa KFC, napenda piza ya Jumanne. Nina marafiki ambao kila ukiwatajia majina hayo hukuelekeza kwenye kibanda fulani nyuma ya gereji fulani, ambako, kwa maneno yao, ndiko chakula cha kweli kinakopikwa. Kibanda hicho nakijua, na supu yake ni tamu. Lakini siku ambayo mvua inanyesha, mtoto mmoja anataka choo, mwingine hagusi chochote chenye kitunguu, na shangazi aliyeshuka kutoka Kitale anatafuta mahali pa kukaa na mizigo yake bila kuikodolea macho, nyuma ya gereji hakufai. Siku hiyo unakwenda mahali ambapo unajua choo kipo, bei imeandikwa, na yai litakuja jinsi lilivyokuja mara ya mwisho.

Kasoro ninayoiona iko kwa sisi walaji. Tunaagiza samaki katika nyumba ya kuku. Tunafika saa kumi jioni, wakati jiko limepoa, kisha tunashangaa chipsi kulegea. Keshia anataja kombo kubwa, tunaitikia kabla ya kufikiri, na tunatoka na soda ambayo hakuna aliyeitaka. Halafu lawama zote tunaupa mkahawa. Mengi kati ya hayo yanaepukika, ukishaelewa jinsi jiko la namna hiyo linavyofanya kazi.

Kabla ya kuingia jikoni, nimtaje mwanamke mmoja ambaye wapenzi wote wa mikahawa hii wangepaswa kumjua. Mwaka 2012, Marilyn Hagerty, mwandishi wa gazeti la Grand Forks Herald huko North Dakota, Marekani, aliandika juu ya tawi la Olive Garden lililokuwa limefunguliwa mjini kwao. Alikuwa na umri wa miaka 85. Aliandika kwa moyo mweupe kabisa: ukumbi ulivyopambwa, wahudumu walivyompokea, alichokula. Makala ilisambaa mtandaoni, na watu wa miji mikubwa wakamcheka kwamba bibi kizee anasifu tambi za mkahawa wenye mamia ya matawi. Aliyesimama upande wake ni Anthony Bourdain, mpishi na mwandishi ambaye ulimi wake haukuwa na huruma kwa chakula kibovu. Mwaka 2013 alichapisha kitabu cha makala za Hagerty, kwa kuwa aliona ndani yake jinsi Wamarekani wa miji midogo wanavyokula kweli, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo ukichekwa kwa kupenda tawi la mtaani kwako, una mtangulizi.

Sasa jikoni. Mkahawa wenye matawi unauza kitu kimoja juu ya vingine vyote: kufanana. Kuku uliyemla Kisumu ndiye utakayemkuta Nakuru. Watu husema hilo kama tusi, lakini jaribu kupika mayai mia mbili asubuhi moja, yote yakiwa sawa, ukiwa na vijana walioajiriwa mwezi uliopita. Kufanana huko kunatengenezwa kwa mizani, vipima joto, saa zinazolia, na mara nyingi jiko kuu ambako sosi, mikate na mchanganyiko wa viungo huandaliwa kabla ya kupelekwa matawini. Kuna ufundi mkubwa hapo. Jacques Pépin, Mfaransa aliyewahi kumpikia Charles de Gaulle, alipofika Marekani alipewa nafasi ya kupika Ikulu wakati wa Kennedy. Akaikataa. Akaenda kufanya kazi Howard Johnson's, mikahawa ya barabarani iliyojulikana kwa mapaa yake ya rangi ya chungwa, akakaa huko kama miaka kumi akibuni mapishi ya sufuria kubwa za jiko kuu. Hakujutia uamuzi huo. Huko ndiko alikojifunza upande wa kazi ambao majumba ya kifahari yasingemfundisha.

Kutokana na hilo linakuja shauri ninaloliweka mbele ya mengine yote: agiza kile ambacho jiko hilo linakipika mara nyingi kwa siku. Kila mkahawa wa aina hii una moyo na una pembezoni. Java ilianza mwaka 1999 pale Adams Arcade, Nairobi, ikiwa nyumba ya kahawa, na hadi leo nguvu yake iko kwenye kahawa, kifungua kinywa, na ile dawa ya tangawizi, ndimu na asali ambayo imewatoa wengi kwenye mafua. Nyumba ya kuku ina moyo wa kuku. Ukiona kwenye kona ya chini ya menyu kuna kipande cha samaki, saladi ya kigeni au tambi zisizohusiana na chochote kingine kwenye ukurasa, hizo ni pembezoni. Zimewekwa ili kundi la watu sita lisikimbie kwa sababu mmoja wao hali kuku. Zinaagizwa mara chache, kwa hiyo malighafi yake inakaa zaidi na mkono wa mpishi haujazizoea. Usipojua moyo uko wapi, tazama trei zinazopita. Kitu unachokiona kwenye meza nne kati ya tano, hicho ndicho.

Sheria hiyo haina uzungu ndani yake. Samaki Samaki ya Dar es Salaam nayo ina matawi, na pale moyo ni samaki, kwa hiyo anayeketi Mlimani City na kuagiza baga asimlaumu mtu. Kwa biriani na pilau, niachie mikahawa ya Kiswahili. Nairobi nitakwenda Kilimanjaro Jamia au Swahili Plate, na Ijumaa ikiwezekana, kwa kuwa siku hiyo sufuria ni kubwa na biriani inaisha mapema. Pilau inataka mtu anayesimama juu yake akisikiliza maji yakikauka. Saa inayolia haiwezi kazi hiyo, na nyumba ya kahawa inayokuuzia pilau imetoka nje ya uwanja wake. Ugali na samaki wa kukaanga vivyo hivyo: kwa wale wa katikati ya jiji, mkahawa wa K'Osewe upo.

Baada ya swali la uagize nini, linafuata la saa ngapi. Hapa inafaa kujua kuku wa KFC anakaangwaje. Harland Sanders, yule mzee wa ndevu nyeupe kwenye nembo, alikuwa na mkahawa Corbin, Kentucky, na kuku wa kikaango cha kawaida alimchukua kama nusu saa, muda ambao msafiri hana. Akaanza kukaanga kwa sufuria ya mgandamizo, inayoivisha haraka bila kukausha nyama. Mwaka 1952 Pete Harman wa Salt Lake City akawa wa kwanza kupewa haki ya kuuza kuku huyo kwa jina la Kentucky. Sufuria hizo hutoa kuku kwa mikupuo, na kila mkupuo ukishatoka huwekwa kwenye kabati la joto kungoja wateja. Hilo kabati ndilo adui au rafiki yako. Saa saba mchana, foleni ikiwa imefika mlangoni, hakuna kipande kinachokaa humo. Unachopewa kimetoka kwenye mafuta dakika chache zilizopita. Saa kumi, ukumbi ukiwa mtupu, kipande chako huenda kimesubiri sana. Kwa hiyo foleni usiiogope. Chagua dakika ishirini kabla ya kilele, ule kuku wa moto huku wenzako bado wamesimama.

Na ukilazimika kufika saa kumi, sema. Watu wetu wana aibu ya ajabu mbele ya kaunta. Maneno yanayotosha ni haya: “Dada, kuna kuku wanaotoka sasa hivi? Nitangoja.” Ukisema utangoja, umemwondolea presha, na mara nyingi atakuambia ukae kidogo. Omba pia kipande unachokitaka. KFC hukata kuku vipande tisa, na vipande hivyo havilingani: paja lina mafuta na unyevu, kidari kina nyama nyingi lakini hukauka upesi, bawa ni la kuchezea. Usipotaja, utapewa kilicho karibu na koleo. Siku yenye foleni ndefu huenda wakakuambia haiwezekani, na hapo usibishane. Siku tulivu karibu kila mara inawezekana.

Chipsi zinastahili aya yake, na kwa Mkenya zina historia. Januari 2022, KFC nchini Kenya waliishiwa chipsi. Viazi vyao vilikuwa vinaagizwa kutoka nje, meli zikachelewa kwa misukosuko ya korona, na wateja wakaambiwa wachague kitu kingine badala yake. Ukisema maneno hayo katika nchi ambayo Nyandarua na Meru wanavuna viazi hadi vinakosa soko, unatafuta vita, na vita vilikuja: wito wa kuisusa kampuni ulijaa mtandaoni. Maelezo yao yalikuwa kwamba wauzaji wote wa malighafi lazima wapitie ukaguzi wa ubora wa kampuni, na baadaye wakasema wataanza kutafuta wakulima wa hapa. Mimi nilikuwa upande wa wakulima, na bado niko, lakini kisa hicho kilieleza jambo kwa mlaji pia. Chipsi nyingi za mikahawa hii hufika zikiwa zimekatwa, zimekaangwa nusu na kugandishwa. Aina hiyo huwa na ukakamavu mzuri kwa dakika chache tu, kisha hulegea, na hakuna cha kuzirudisha. Viazi vya shangi vilivyokatwa asubuhi na kukaangwa kibandani huwa laini tangu mwanzo na utamu wake uko ndani, kwa hiyo kusubiri hakuviharibu sana. Ukiwa kwenye tawi, anza na chipsi, kuku atangoja. Ukinunua za kubeba, usikaze mdomo wa mfuko. Mvuke ukikosa pa kutokea, unarudi kwenye chipsi, na ukifika Rongai una uji wa viazi.

Tuje kwenye pesa. Menyu iliyo ukutani imepangwa na watu wanaolijua jicho lako kuliko unavyolijua wewe. Kombo kubwa huwekwa katikati, na picha yake ni kubwa. Ya ukubwa wa kati huonekana ya bei nafuu kwa sababu imekaa jirani na ile kubwa. Dawa yake ni hesabu ya kugawanya. Chukua bei ya ndoo ya familia, gawa kwa idadi ya vipande, linganisha na kipande kimoja kimoja. Wakati mwingine ndoo inashinda kwa mbali, na wakati mwingine ukiondoa soda na saladi ambayo hamtaila, tofauti yote imeyeyuka. Hesabu hiyo inachukua muda mfupi kuliko foleni yenyewe.

Ofa za siku maalumu ni za kuzingatia kuliko punguzo la vijisenti. Pizza Inn wana Jumanne yao ya kununua moja na kupata ya pili, na imezoeleka kiasi kwamba ofisi nzima hupanga wiki kwayo. Basi kama unaishi peke yako, usinunue mbili kwa sababu tu ya pili ni ya bure. Tafuta jirani, mchange. Na oda itolewe kabla ya watu kutoka kazini, maana kuanzia saa kumi na moja unusu jikoni hakuna aliye na muda wa kutandaza jibini vizuri.

Kinywaji ndicho kinachokula mfuko, na mwili pia. Chupa ya nusu lita ya kola ina zaidi ya gramu 50 za sukari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu hizo hizo 50. Yaani soda moja imemaliza mgao wa siku kabla hujafika kwenye aiskrimu. Sikuambii uache; mimi mwenyewe milkisheki siiachi. Nakuambia uihesabu kuwa ndiyo kitindamlo, siyo kinywaji cha kuteremshia baga.

Ukiagiza kwa programu ya simu, linganisha bei. Kwenye Glovo au Uber Eats sahani ile ile inaweza kuwa na bei tofauti na ya kaunta, kisha juu yake kuna nauli ya pikipiki na ada ya huduma. Mara nyingi ni nafuu kupiga simu tawini, kuweka oda, na kupita kuichukua ukitoka kazini. Na ukipata risiti ya Kenya ikionyesha VAT asilimia 16 na ile tozo ya utalii ya asilimia 2, usiruke kudai umeongezewa. Kwa kawaida bei ya menyu tayari inazo. Risiti inazichambua tu. Jumlisha bei za vitu ulivyoagiza, na kama zimelingana na jumla ya chini, mambo yako sawa. Zisipolingana, uliza kabla ya kubonyeza namba ya siri ya M-Pesa.

Bakshishi kwetu ni hiari, na ndiyo sababu inamfikia mtu moyoni. Ipe mkononi, kwa aliyekuhudumia, badala ya kuiacha mezani ambako huwezi kujua itaokotwa na nani. Lakini kwa ndugu zetu wanaohamia Marekani mambo yanageuka, na ni vizuri kuambiwa kabla ya aibu. Kule, katika mikahawa ya kukaa na kuhudumiwa, mhudumu anategemea bakshishi kuishi: sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, mradi bakshishi ifidie kilichobaki. Majimbo mengi yamepandisha, mengine hayajapandisha. Weka asilimia 18 hadi 20 kwenye hesabu tangu unapofungua menyu, na kumbuka kodi ya mauzo nayo haimo kwenye bei iliyoandikwa. Kwa upande mwingine, soda hujaziwa tena bila malipo, sahani moja hushibisha wawili, na hakuna anayekushangaa ukiomba kisanduku cha kubebea mabaki.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote anayeandaa chakula cha kundi lenye Waislamu, cheti cha halali kitafute kwenye tawi lenyewe, karibu na kaunta au mlangoni, na usome tarehe yake. Usitegemee kwamba kwa kuwa jina hilo ni halali Dubai basi na hapa ni vivyo hivyo. Kila nchi ina wauzaji wake wa nyama. Mahali penye beikoni kwenye menyu, swali sahihi ni kama inakaangwa kwenye bamba moja na vitu vingine. Mhudumu asipojua, aitwe msimamizi, na jibu lake likiyumba, kunywa chai tu.

Halafu malalamiko, jambo ambalo mikahawa hii inalimudu kuliko nyingine zote, na ndilo tunalolitumia vibaya kabisa. Ukimrudishia mama ntilie sahani, umemtia hasara ya siku na pengine umemvunjia heshima mbele ya wateja wake, kwa hiyo unanyamaza na kula. Tawi lina utaratibu wa kurudisha chakula. Limeshalitia hilo kwenye bei uliyolipa. Ila sema mapema. Ukila robo tatu ya baga ndipo ukasema nyama ilikuwa mbichi, hakuna atakayekuamini. Tonge la kwanza likikukwaza, simama, taja kasoro moja kwa maneno machache, na useme unachotaka: “Kaka, hii ndani haijaiva, naomba nyingine.” Usianze na hadithi ya miaka uliyokuwa mteja wao. Usimfokee kijana wa kaunta, ambaye hakuikaanga. Asipoweza, omba msimamizi wa zamu, na uweke risiti mezani. Hatua ya kwenda mtandaoni na picha ibaki kwa siku ambayo njia hizo zote zimekwama, maana ukishaenda huko, unayemuumiza kwanza ni yule mhudumu wa mshahara mdogo ambaye jina lake liko kwenye risiti.

Mabaki yabebe, umeyalipia. Yaingize kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu yalipopikwa, na Mombasa au Dar, kwa joto lile, hata mapema zaidi. Kuku mpashe moto kwenye oveni au juu ya kikaango kikavu hadi awe moto mpaka mfupani. Maikrowevu itamlegeza ngozi. Piza weka kikaangoni bila mafuta, moto mdogo, funika kwa dakika tano hivi: chini itakauka, jibini juu litayeyuka, na itakuwa nzuri karibu kama Jumanne yenyewe. Chipsi zilizobaki usihangaike nazo hivyo. Zikate, vunja mayai mawili juu yake, tia kitunguu na pilipili hoho, upate chipsi mayai.